Arubaini ya Tahiya

Siku ya kumi na tisa tangu ajifungue, Tahiya alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote, na kikombe kilipobaki kitupu ndipo akajua. Hata hakucheka. Alimtazama mwanawe Ridhwan aliyelala kitandani, ngumi mbili kazifumba kama mtu anayegombana, akasema moyoni, huyu ataamka sasa hivi. Na kweli akaamka.

Walikaa mtaa wa Ng'ambo, chumba na ukumbi, uani wakichangia na jirani mmoja, Bi Saadiya, mjane mtu mzima aliyefua nguo za watu. Mumewe Tahiya, Mahfoudh, alikuwa mpishi wa hoteli Kiwengwa. Kila baada ya wiki mbili alipata ruhusa ya siku mbili, na akija alilala kama gogo, maana naye kachoka. Kwa desturi, mwanamke mwenye mimba ya kwanza huenda kuzalia kwao. Mamake humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga, humpakata mjukuu ili mzazi apate kulala. Lakini mamake Tahiya alikuwa na mwaka mzima kaburini. Shangazi yake alikuja kutoka shamba, akakaa siku saba, akamnyoa mtoto nywele, akarudi kwenye kilimo chake cha mwani. Kuanzia hapo ikawa ni yeye na mtoto na kuta nne, kwa sababu mzazi hatoki nje mpaka arubaini iishe.

Angeweza kumwita wifi yake. Nusrat, dadake Mahfoudh, alikaa mitaa miwili tu kutoka hapo, na nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu visivyo na mtoto hata mmoja. Miaka kumi na moja yuko kwa mume, hajapata hata mimba ya kuharibika. Hapo ndipo penye mwiba. Tangu mimba ya Tahiya haijafika miezi sita, Nusrat alishasema mbele za watu, kwa kuchekacheka, kwamba huyu wa kwanza apewe yeye amlee. Si jambo geni. Nyumba nyingi watoto hulelewa na shangazi zao na hakuna anayeona ajabu. Mahfoudh hakumkatalia dada yake, na Tahiya aliliona hilo. Basi kila Nusrat alipokuja na bakuli la supu, alimkuta wifi yake kanawa uso, katia wanja, kafagia. Akiulizwa hali, salama. Na mtoto, analala? Analala sana, wifi, mpaka namwamsha mimi.

Uongo mtupu. Ridhwan alilala robo saa, akalia saa nzima. Tahiya alianza kuona ukuta unapumua. Alisimama ukumbini asikumbuke amefuata nini. Siku moja alisinzia wima akisugua nepi, paji la uso likagonga ukingo wa karo la kufulia. Bi Saadiya aliyaona yote hayo, akaomba apewe mtoto saa moja tu, mama mtu ajinyooshe. Tahiya alikataa. Bi Saadiya na Nusrat walisalimiana kila siku, na neno la uani halichelewi kufika barabarani.

Masika yalikuwa yamekaza na nepi hazikauki. Mchana wa siku ile ya chai ya chumvi aliingiza jiko la makaa chumbani, akalifunika kwa tenga, akazitandaza nepi juu yake, akatupia na ubani kidogo zinukie. Dirisha akalifunga mwenyewe. Chini ya mlango akaziba kwa kanga, kwa sababu kila aliyekuja kumpa hongera alimwambia mtoto mchanga hapigwi na upepo. Alitaka mwanawe asipate baridi, basi, hakutaka kingine. Akampa titi, akajiegemeza ukutani, akajiambia atafumba jicho moja tu.

Bi Saadiya alikuwa anafua. Alishakizoea kile kilio hata kilipokosekana akasimama akakitafuta. Alipiga hodi mara tatu, kisha akasukuma mlango kwa bega. Nepi moja ilikuwa imeanza kuungua. Tahiya kaanguka upande, na mtoto yuko mkononi mwake kalegea kama kitambaa. Bi Saadiya aliwaburura mpaka uani, mvua ikawapiga. Alimpiga mtoto nyayo, akampulizia puani, akampiga tena, mpaka kile kilio kikatoka, chembamba. Tahiya akatapika, akafumbua macho.

"Nepi zishakauka?" akauliza.

Hospitali walimtia mtoto hewa ya mashine, wakaeleza kwamba moshi wa makaa humuua mtu bila kumkohoza. Kesho yake alasiri wakaruhusiwa. Mahfoudh alifika nyumbani na nguo zake za jikoni, na Nusrat yupo. Nusrat hakumtukana, na afadhali angemtukana. Aliuliza tu:

"Wifi, mara ya mwisho umelala lini?"

Uongo wote alikuwa nao tayari mdomoni. "Sijui," akasema.

"Basi nipe mimi nimchukue."

"Mchukue," akasema Tahiya. Neno lilimtoka kabla hajalifikiri, na kilichomuuma baadaye ni kwamba lilimtoka na raha.

Alilala toka alasiri ile mpaka adhuhuri ya kesho yake. Alipoamka maziwa yamemlowesha mpaka shuka, matiti magumu kama mawe, mkono unapapasa pasipo na mtu. Mahfoudh alimwambia apumzike tu, dada kanunua maziwa ya kopo. Kasema atakaa naye mpaka mtoto atembee.

"Na wewe umesemaje?"

"Nimenyamaza."

Tahiya akajitanda kanga, akatoka, siku ya ishirini na moja. Wanawake wa barazani walimwona, wakahesabiana siku kwa vidole.

Nusrat alikuwa akizunguka ukumbini, nywele timutimu, macho mekundu, mtoto begani analia. Chupa ilikuwa imebingirika chini, maziwa bado yamo.

"Kakataa kopo," akasema. "Usiku kucha."

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Umchukue umpeleke wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Tahiya alikaa mkekani, akafungua kifua. Nusrat akampa mtoto, akakaa ubavuni pake, lakini kiguu kimoja cha mtoto hakukiachia. Ridhwan akanyonya, kimya kikaingia. Muda si muda kichwa cha Nusrat kikaanza kuanguka, akakiinua, kikaanguka tena. Vidole vyake vikalegea kwenye ule mguu, kimoja kimoja.

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuinuka na mwanawe akaenda zake, na Nusrat asingesikia kitu. Lakini yeye alikuwa na usingizi wa siku moja tu mwilini, na nyumbani zilikuwa zikimngoja zile kuta nne. Hakuinuka.