Chumba chenye Kufuli

Mume wangu alikuwa karani, na karani akikosa cha kuandika anaoza akiwa hai. Tangu bodaboda imwangushe, miguu haikuwa yake tena. Juu ya kiuno mzima, chini hakuna kitu. Nilikuwa nikiingia na uji namkuta vidole vinacheza juu ya blanketi, vyote kumi, anachapa barua isiyokuwepo. Mwanzoni nilidhani anavuta uradi. Nilipojua ni nini nilimgombeza, nikamwambia aache, ananitia wazimu. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, unatangulia, huruma inakuja baadaye.

Kwa hiyo aliposema anataka kompyuta, sikubisha. Magomeni kwetu, huku kusini, wanafunzi wa vyuo wamejaa, kila mmoja ana ripoti ya kuchapa, na steshenari zina foleni. Angechapa palepale kitandani, ameegemea mito. "Mke wangu, niletee hata mbovu mbovu, mradi iwake," alisema. "Nikiendelea hivi nitakufa." Hakuwa mtu wa kutajataja kufa hovyo, na kifua chake nacho kilikuwa kinazidi kubana. Nilimwamini.

Kule mtaa wa Chuno kulikuwa na mwalimu mmoja, mtu wa bara, amepata uhamisho na anauza vitu vya ndani. Kompyuta ya mezani, kioo chake, kibodi, mausi, printa, na lile boksi la betri la kusaidia umeme ukikatika. Nikamchukua fundi wa sokoni anayetengeneza simu na redio, maana mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Mwalimu alitupokea kwa chai na maandazi, na nikaanza kumtilia shaka hapohapo. Mtu anakuuzia kitu anakulisha kwanza, ya nini?

Kompyuta iliwaka vizuri. Printa ilitoa karatasi, maandishi yamefifia upande mmoja lakini yanasomeka. Mwalimu akawa anatabasamu. Fundi akasema, "Izime, nifungue." Mwalimu akasema hakuna haja, ni nzima.

"Haja ipo," nikasema mimi.

Fundi akatoa mfuniko wa pembeni. Feni ya ndani ilikuwa imevaa unga wa manjano. Akapitisha kidole, akanusa, kisha akamulika kwa simu. Palipotakiwa kung'aa shaba palikuwa peusi.

"Mwalimu, hii ulikuwa unaiweka pamoja na salfa?"

Mwalimu akacheka kicheko cha aibu. Kumbe alikuwa amekodi mikorosho upande wa Naliendele, kama wageni wengi wanavyofanya wakisikia habari za korosho, na mifuko ya salfa ya kupulizia alikuwa akiirundika chumba kimoja na kompyuta. "Ndicho chumba chenye kufuli," alisema. "Salfa ukiiacha nje wanaiba."

"Feni inavuta, inameza," fundi akasema. "Salfa inakula shaba taratibu. Huoni mpaka imeshakula."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimseme mwalimu, nimwambie msomi mzima unakosa hata akili hiyo. Nikaufunga. Kwetu pia chumba chenye kufuli ni kimoja, nacho ndicho alicholala mume wangu. Sisi nasi tuna mikorosho yetu, na mifuko yetu ya salfa ilipangwa ukutani, upande wa kichwa chake, msimu hadi msimu, na mmoja ulikuwa umepasuka nikauziba kwa kitambaa. Tena tulijiona wajanja: mgonjwa yupo muda wote, nani ataingia kuiba? Zahanati walikuwa wameniuliza kama anakolala kuna moshi au vumbi, nikawajibu kwa ukali kwamba nyumba yangu nafagia. Wala sikudanganya. Salfa haikunijia kichwani kabisa. Huku salfa ni dawa, mikorosho inapuliziwa ipone, na hakuna anayeihesabu dawa kuwa vumbi.

"Na mtu je?" nikamuuliza fundi.

"Mtu vipi, mama?"

"Akilala nayo."

Alinitazama, akarudisha macho kwenye mashine. "Mimi ni fundi wa vitu," akasema.

Baadaye akanivuta pembeni. Alisema angekuwa yeye asingenunua. Ikisafishwa na kuwekwa mahali pasipo salfa inaweza kwenda mwaka, inaweza kwenda mwezi, na rahisi ni ghali. Mwalimu naye alikuwa ameshashusha bei, printa akaitoa bure, na mimi nilijua kabisa nakosea. Lakini nirudi nyumbani mikono mitupu, sina la kumpa ila hilo, kwamba nilichokuwa nikikilinda kwa kufuli ndicho kilichokuwa kinamla? Sikuweza. Nilinunua mashine mbovu ili nipate pa kujificha. Hilo nalisema sasa, yeye akiwa kaburini. Siku ile nilijiambia ni huruma.

Bajaji iliponifikisha, mimi na dereva tulishusha vitu barazani. Niliingia, nikafungua dirisha, nikaanza kuburuta mifuko mmoja mmoja hadi jikoni. Nikapiga deki mara mbili, nikafuta ukuta, nikabadili shuka na chandarua. Yeye ananitazama tu.

"Salfa unaipeleka wapi? Itaibiwa."

"Iibiwe."

"Kuna nini?"

Hapo ndipo ningesema. Ulimi huu ulionigombanisha na mtaa mzima ukawa mzito kama si wangu. Niliogopa. Niliogopa uso wake.

"Fundi kasema inaharibu kompyuta," nikasema.

Nikaweka kompyuta kwenye meza kando ya kitanda, nikachomeka nyaya kama fundi alivyonielekeza, nikamwekea kibodi mapajani. Ikawaka. Akaweka vidole juu yake, hakuchapa. Akakohoa, ile ya kuvuta kutoka mbali, nikamshika mgongo mpaka ikapita. Kisha akaugeukia ukuta, pale mifuko ilipokuwa imesimama, umanjano umekataa kutoka hata kwa sabuni. Mume wangu hakuwa mjinga. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuchukua karatasi hii na ile na kuona zinavyohusiana.

"Ningejua," akasema polepole, "ningeomba kompyuta mapema."

Nikamwambia natoka kidogo kumlipa dereva wa bajaji. Dereva nilikuwa nimeshamlipa, na alikuwa ameshaondoka zamani.