Filimbi Yangu Iko Shingoni mwa Kibet

Watu wa Chepseon, leo nimefukuzwa kwenye somo langu mwenyewe.

Mnajua nafundisha vijana kulenga shabaha kwa upinde, hapa nyuma ya duka hili.

Sheria niliiweka mimi, nilipotoka vita vya Burma na ile filimbi yangu: hakuna kupita mbele ya mstari kabla filimbi haijalia. Ukipita, unakaa kwenye gogo mpaka somo liishe.

Leo walishika mishale yenye ncha za chuma kwa mara ya kwanza. Vijana sita, pinde zimevutwa.

Halafu nikaona ng'ombe wangu mwekundu anatembea polepole kuelekea magunia ya shabaha.

Nikakimbia. Mbele ya mishale sita, mtu mzima na kofia mkononi.

"Shusheni pinde!"

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya Kibet, mdogo kuliko wote. Pinde zote zikashuka.

Nikarudi nikicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Mwalimu, gogo ni lile."

Nikamwambia: huyo ni ng'ombe wangu, hata baba yako angekimbia.

"Ndiyo, mwalimu. Na yeye angekaa."

Akanyoosha mkono. Nikampa filimbi.

Nimekaa kwenye gogo saa nzima. Vijana hawajawahi kulenga vizuri hivyo.

Penseli nimeifunga kwa uzi hapa mlangoni, chini ya karatasi hii. Andikeni: kesho nidai filimbi yangu, au nimwachie?

Habari ya ng'ombe msiniulize. Nilipomwangalia vizuri, alikuwa wa jirani.