X Nyekundu Ukutani kwa Dada

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, na shida ilianza asubuhi, uji ukiwa bado jikoni. Lori lilisimama chini ya kilima chetu, upande wa Hombolo, wakashuka watu wakasema tunahamia kijijini leo. Baba akaomba wamsubiri mama arudi kisimani. Hawakusubiri. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa la miti na udongo, na paa la namna hiyo ukivuta boriti mbili linashuka lote. Wakavuta. Udongo ukafukia kinu, mtungi, na uwele wa kula mpaka mvua. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amechomeka shanga zake kwenye ufa wa ukuta, ndani. Alichimba kwa mikono mpaka alipobebwa na kuwekwa kwenye lori, kucha zinatoka damu. Shanga zikabaki.

Naanzia hapo kwa sababu yaliyofuata yote yametoka hapo, hata haya ya juzi ambayo ni kosa langu mwenyewe. Sitafuti wa kunionea huruma.

Shule niliishia darasa la tatu. Sikufukuzwa, niliacha. Kusoma najua, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Nilichunga ng'ombe wa watu, nikabeba mkaa, nikachimba mashimo ya zabibu za watu mpaka nikachimba ya kwangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilichopata nimekipata kwa miguu, ndiyo maana njia za mguu za kule nazijua kuliko wengine wanavyojua vyumba vya nyumba zao. Najua ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kisimani, na ile ya kwendea msibani isiyopita mlangoni kwa mtu mliyegombana naye.

Dada aliolewa, akafiwa na mume, na alipomaliza kulia akarudi kule kule juu, kwenye mahame ya baba. Akajenga juu ya msingi ule ule: ukuta wa udongo, paa la bati. Nilimwambia ashuke kijijini, kuna bomba.

"Bomba lenu linatoa maji siku ngapi kwa wiki?" akauliza.

Siku hiyo nilikuwa nimepanda kwake na dumu tupu.

Serikali ilipohamia Dodoma, wakaja watu wa aina nyingine. Vijana wa ofisini, viatu vya rangirangi, chupa za maji kiunoni. Jumamosi wanataka kutembea tu. Hawaendi kokote, hawabebi kitu. Mwanzo niliwacheka. Mtu ana gari, analiacha kivulini, anapanda kilima halafu anashuka. Lakini walihitaji mtu wa kuwaongoza, na mimi nikawa huyo mtu. Tulianzia kwenye bwawa la Hombolo, tukapanda kilima, tukapita kwa dada, tukashukia kwenye zabibu. Saa nne kwa mwendo wao, mbili kwa wangu. Kwa dada ndipo pa kupumzikia. Aliwapa maji ya mtungi na karanga, akawauliza kama kwao hakuna kazi.

"Mzee, bado mbali?" walikuwa wakiniuliza.

"Hapo tu."

"Hiyo hapo tu yako ina kilomita ngapi?"

Kulikuwa na Msukuma mmoja mnene, mtani wangu, hakuwa na adabu hata kidogo. Aliniambia mbele ya wote, "Mzee wewe ni Mgogo gani? Tangu asubuhi hujaomba kitu."

Nikamwambia, "Naomba ufunge mdomo, kuna nyuki juu yako." Walicheka mpaka wakakaa chini. Nyuki walikuwepo kweli.

Kiongozi wao alikuwa binti mmoja wa kuheshimu, ananiamkia vizuri, anapiga goti hata kwenye mawe. Mwaka jana mwezi wa saba goti langu lilivimba, wakaenda bila mimi. Wakapotea. Walitokea mbali kabisa, jua limeshuka, mmoja analia. Binti akaja kuniona.

"Babu, tuweke alama kwenye njia," akasema. "Ili hata ukiumwa tupite."

Akafungua simu yake. Alikuwa amepelekwa kusoma Ulaya, na likizo akaenda kutembea kwenye kisiwa kimoja cha Ugiriki. Akanionyesha picha. Nikatazama, nikashangaa. Kilima cha mawe, vichaka vya miiba, mbuzi, mashamba ya zabibu yamekauka, mzee mmoja na punda wake.

"Hapa ni kwetu," nikasema.

"Sivyo babu, ni Ugiriki. Huku nyuma ni bahari."

"Bahari itoe. Hapa ni kwetu."

Alisema njia zile zilikuwa za punda, za wazee wa zamani. Watu walipohama zikataka kufa, wakaja waliochukua rangi nyekundu wakapaka jiwe moja hapa, moja pale. Sasa mgeni anafuata rangi tu, hapotei, na njia haifi. Hilo la njia kutokufa liliniingia. Sijui kwa nini, nilikuwa mtu mzima, lakini liliniingia.

Kesho yake nilikwenda mjini, soko la Majengo, nikanunua kopo la rangi nyekundu na brashi. Binti alikuwa amesema niweke doti, nukta tu. Doti mimi niliiona ndogo. Mawe ya kule yana ukoga mwekundu wa kwake yenyewe, doti ingepotea humo. Nikachora alama ninayoijua tangu darasa la tatu, ambayo mwalimu aliijaza kwenye daftari langu: mistari miwili inayokatana. X. Hata mtu akiwa mbali anaiona. Nilichora mawe arobaini na moja kwa siku mbili, goti likiwa limefungwa kitambaa, na kila nilipomaliza jiwe nilirudi nyuma kulitazama. Kazi nzuri. Nasema kweli, ilikuwa kazi nzuri.

Kwa dada njia inakata kona kali kushoto. Pale hakuna jiwe. Kuna pembe ya nyumba yake.

Niliita hodi mara mbili. Hakuwepo, mtungi haukuwepo, nikajua yuko kisimani. Nikasema moyoni, nyumba ya dada yangu mwenyewe, tena kiwanja cha baba yangu, naiombea ruhusa? Nikapaka. Nikaipaka kubwa kuliko zote, kwa sababu kona ile ndiyo iliyowapoteza wale vijana, siku ambayo dada hakuwepo. Nikashuka. Nyumbani nikakuta nimepigiwa simu ya msiba, shemeji yangu amefariki Mpwapwa. Nikaondoka na basi la asubuhi.

X nyekundu ukutani mjini kila mtu anaijua maana yake. Mimi pia niliijua. Nilishaziona kando ya reli na kando ya barabara zinazopanuliwa, mwenye nyumba amekaa kwenye kiti nje akiitazama kama mgeni asiyeondoka. Niliijua, lakini siku ile haikunijia. Nilikuwa nawaza mawe.

Mpwapwa nilikaa siku kumi na mbili. Niliporudi nikapanda kwa dada na sukari ya msibani. Nilifika kwenye kona nikafikiri nimekosea njia, mimi, kwenye njia ile. Nyumba haikuwa na kichwa. Bati zimetolewa zote, mlango umetolewa, dirisha limetolewa, ndani pamefagiwa. Hata misumari imeokotwa. X yangu iko pale ukutani, nyekundu, haijachuja.

Jirani wa chini, mwenye mbuzi, ndiye aliyenieleza. Dada alirudi kisimani akaikuta alama. Hajui kusoma, akamwita yeye. Jirani akamwambia alichosikia redioni: X nyekundu ni bomoa, wenyewe watakuja na mashine. Dada hakulia. Alikaa kizingitini mpaka jioni. Asubuhi akaita mafundi washushe bati, akauza, akauza mlango, akagawa kuku, akapanda gari la Kondoa kwa binti yake aliyeolewa kule.

"Hakusema kitu?" nikauliza.

"Alisema safari hii hawamkuti vitu vyake vikiwa ndani."

Kesho yake nikaenda Kondoa. Nilimkuta kwenye mkeka barazani kwa binti yake, anapepeta mtama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wamebomoa lini?"

"Nani?"

"Si hao wenye X."

"Hawajabomoa. Ile X niliichora mimi."

Ungo haukusimama. "Wewe."

"Mimi."

"Serikali imekuajiri lini?"

Binti yake akacheka jikoni, halafu akaacha.

"Ni ya wale watembeaji," nikasema. "Wajue njia inakata kona pale."

"Na kuniambia ulishindwa?"

"Ulikuwa kisimani."

Hapo ndipo ungo uliposimama. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama tukiwa wadogo, nikiwa nimemwaga maziwa.

"Hata mama alikuwa kisimani," akasema.

Nilikunywa chai nikiwa nimeinamisha kichwa, mimi ambaye sijawahi kuinamisha kichwa kwa mtu. Wakati wa kuaga akasema, "Weka paa, nitarudi. Lakini kabla ya mvua. Ukuta ule ni udongo, mdogo wangu. Hauna kofia."

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi. Paa kabla ya mvua. Mwezi wa tisa ulikuwa umeingia. Aliyenunua zile bati alishaezeka kwake, nikaambulia mlango tu. Nikasema nitaezeka kama baba: miti, fito, nyasi, udongo juu. Nilijua namna. Lakini miti ya boriti kule haipo tena, tumeichoma mkaa, na mimi nilikuwa mmoja wa wachomaji. Nilikwenda kuitafuta mbali, boriti moja siku moja, goti linalia. Watembeaji walikuja Jumamosi mbili kunisaidia kubeba. Yule Msukuma alibeba boriti peke yake kutoka bondeni, hakusema utani wowote, nikajua mambo ni mabaya. Binti wa ofisini alipoiona X ile ukutani alishika mdomo.

"Babu, nilisema doti," akasema taratibu.

"Najua ulichosema."

Nilichimba mashimo ya nguzo za ndani mwenyewe. Kila koleo la udongo nililitazama kabla ya kulitupa. Hakuna shanga.

Mwezi wa kumi na moja boriti zilikuwa sita na nilihitaji kumi. Siku hiyo wakaja vijana watatu na pikipiki mbili, wana chombo cha miguu mitatu na vigingi vya zege. Wapimaji. Kilima kimepata mnunuzi, wakasema, kinakatwa viwanja. Nikawaambia hapa pana mwenyewe.

"Mwenyewe yuko wapi, mzee?"

"Kondoa. Anarudi nikimaliza paa."

Mkubwa wao akazunguka nyumba. Akachungulia ndani, hakuna kitu. Akafika kwenye kona, akasimama.

"Mzee, usitupotezee muda. Hapa palishafutwa zamani, X hii hapa."

"Hiyo X ni yangu."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mzee wangu, X haina mwenyewe. X ni ya serikali."

Nikamwambia ashuke nami nikamwonyeshe nyingine arobaini na moja kwenye mawe. Akamwambia mwenzake, "Arobaini na mbili. Andika, eneo lote lilishawekewa alama." Na mwenzake akaandika.

Nilikwenda ofisi ya kijiji, nikaenda mjini, nikaambiwa nilete karatasi ya kiwanja. Baba yangu hakuwa na karatasi. Alikuwa na nyumba. Nikaambiwa nimlete mwenye nyumba, nikasema yuko Kondoa. Nikaulizwa alihama lini na kwa sababu gani, na nani alishusha bati. Nikasema ukweli. Kila nilipousema ulizidi kuwa wa kijinga.

Mvua ilinyesha wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, mchana, kubwa, ya kwanza. Nilikuwa juu. Nilikaa chini ya boriti zangu nane na turubai, nikautazama ukuta. Udongo mkavu ukinyeshewa hauanguki kwa kishindo. Unalegea, unateremka kama mtu anayekaa chini akiwa amechoka. Pembe ya kushoto ndiyo iliyotangulia. Rangi haikuyeyuka. Ilishuka na udongo vipande vipande, vyekundu, vikakaa kwenye tope.

Jioni nikampigia binti wa dada, akampa mama yake simu.

"Mvua imenyesha huko?" dada akauliza.

"Imenyesha."

"Haya," akasema, akarudisha simu.

Sasa kuna waya wa seng'enge kuanzia bondeni mpaka juu, na lango, na mlinzi ambaye hajui njia hata moja. Watembeaji wanakwenda mahali pengine kwa magari. Binti wa ofisini hunipigia sikukuu, ananiamkia. Dada bado yuko Kondoa, mzima, anapepeta mtama wa watu wengine. Naenda kila baada ya miezi miwili. Ananipa chakula, tunazungumza juu ya mvua. La nyumba halitaji, na mimi silitaji.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vitatu kijijini, bati. Ekari moja na nusu ya zabibu, nusu yake imekauka. Mbuzi kumi na mmoja. Baiskeli isiyo na breki. Fimbo. Boriti nane. Kopo la rangi nyekundu, iliyobaki imeganda na brashi ndani. Mlango wa mninga wa dada, umeegemea ukuta wangu. Mawe arobaini na moja yenye alama, thelathini na matatu yako ndani ya waya.