Chenso Iliyokunywa Mto

Wifi yangu hapatani na watu wenye haraka. Mpelekee jenereta, pikipiki au pampu, umwambie unaitaka leo leo, atakutazama kwa upole, atafuta mikono kwa kile kitambaa chake ambacho hakijawahi kuonana na sabuni, kisha atakwambia, "Sio leo." Mtaa mzima unamwita Sio Leo, watoto kwa wakubwa, na yeye huitika bila kununa. Mimi nashona nguo kwenye baraza hilo hilo, cherehani yangu upande huu, meza yake ya spana upande ule. Tunagombana kuhusu grisi karibu kila siku ya Mungu. Lakini fundi wa injini kama yule sijaona, na nasema hivyo ingawa ni wifi yangu, na mawifi tunajuana.

Mtu akimletea mashine iliyoingia maji, hamuulizi ameinunua wapi wala ina umri gani. Swali lake ni moja tu: imeoga au imekunywa? Wageni hucheka, wenyeji hujibu. Imeoga maana yake ilianguka majini ikiwa imezimwa. Hiyo unaifungua juu juu, unaikausha, unabadilisha petroli, mambo yamekwisha. Imekunywa maana yake ilikuwa inanguruma, kwa hiyo ilivuta maji mpaka tumboni pamoja na kila uchafu uliokuwemo. Hiyo ni lazima ifunguliwe mpaka chini. Ukiiwasha kwa pupa, mchanga unakwangua silinda, pistoni inakwama, na umebaki na chuma cha kuzuia mlango.

Sasa sikiliza yaliyotupata. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na asubuhi ilipokatika, mume wangu akaingia barazani amelowa chapachapa, chenso yake begani. Huo msumeno wa injini ndio jembe lake. Alikuwa ameitwa kukata gogo lililokwama chini ya daraja, akateleza, chenso ikamponyoka ikaenda mtoni. Akaifuata humo humo majini, akaibuka nayo. Wifi akamuuliza swali lake. Mume wangu akajibu haraka kwamba imeoga, ilikuwa imezimwa, aikaushe tu.

Kabla hata hajaipokea, seremala wa jirani akaja mbio. Mkaratusi ulio nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu ulikuwa umeng'oka mizizi upande mmoja na kuinamia paa. Tulikwenda wote tukaona kwa macho yetu. Mizizi ya upande wa pili ndiyo iliyokuwa bado imeshika, na udongo umelainika kama uji. Na kwetu upepo huanza alasiri, wala haukosi. Shoka halikufaa, maana kila pigo lingeutikisa mti wote. Chenso nyingine zilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja sasa lilikuwa chini ya maji. Tulikuwa na chenso moja, nayo ilikuwa inachuruzika.

Na mama mkwe je? Mama mkwe alikuwa ndani, ametia komeo. Nilisimama dirishani nikambembeleza mpaka sauti ikanikauka. Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba matofali ya nyumba ile aliyafyatua yeye mwenyewe akiwa na mimba ya mume wangu, na kwamba yeye hatoki. Mume wangu akajaribu kuvunja mlango, mama akamwambia akiuvunja mlango wake atamlaani. Hapo damu ilinichemka. Nilitamani nimtukane, lakini mkwe hatukanwi, basi nikayameza.

Wifi hakubembeleza mtu. Aliutazama mti, akamtazama mama yake kupitia nondo za dirisha, akasema neno moja: "Leo." Akageuka akarudi barazani, nami nikamfuata, maana kwa mara ya kwanza nilimwona akitembea upesi.

Alichomoa plagi, akaipindua chenso kichwa chini, maji yakamwagika. Akamwaga petroli yote na oili yote. Akafungua kabureta vipande vipande, akavisafisha kwa petroli safi na brashi ya meno, akavipanga juu ya gazeti. Chujio la hewa akalitundika kwenye kamba yangu ya nguo, nami sikusema kitu. Ile koili inayotoa moto wa plagi aliikausha kwa pasi yangu ya mkaa, si kwa kuibandika, ni kwa kuisogeza karibu na kuirudisha, karibu na kurudisha, kama mtu anayemwotesha mtoto moto. Alirudishia vyote, akatia mafuta mapya. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni akitazama juu kila saa. Majani yalikwisha kuanza kucheza.

Wifi akashika kamba ya kuwashia. Hakuivuta. Aliisogeza polepole, kidogo tu, ameinamisha sikio. Akairudisha. Akaisogeza tena. Kisha akaiweka chenso chini na kuchukua spana.

Mume wangu aliruka. Akasema mashine iko tayari, anangoja nini, avute tu. Seremala naye akadakia kwamba huu si wakati wa madaha. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia wifi awashe, kama itakufa na ife ikiwa kazini. Wifi hakututazama. Alikuwa amekwisha kulegeza nati ya kwanza.

"Kaka," akasema, "hii imekunywa."

Mume wangu akakana. Akaapa. Akasema yeye ni mkubwa kwake na haongopi. Wifi akaendelea kufungua, nati moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa. Tumbo la injini lilipoachia, akaingiza kidole, akakitoa, akamwonyesha kaka yake. Mchanga wa mtoni, ule mwembamba mweusi, ulikuwa umeganda kidoleni. Mume wangu akaketi juu ya debe. Ndipo ukweli ukamtoka: alikuwa amesimama ndani ya maji, chenso inanguruma mikononi, jambo ambalo dada yake alishamkataza mbele ya watu. Aliona haya kusema.

"Mficha uchi hazai, kaka," wifi akasema. "Ningewasha, tungekuwa tumeiua."

Hakuongeza. Mimi ndiye niliyeongeza, tena sana, na yaliyobaki nilimmalizia nyumbani siku zilizofuata. Yeye alikuwa na kazi. Aliosha beringi kwa petroli, akazizungusha karibu na sikio, akaziosha upya. Aliipangusa pistoni kwa kitambaa laini nilichomkatia mwenyewe kutoka bitana ya suti ya mteja, na huyo mteja mpaka leo hajui kwa nini koti lake lina bitana ya rangi mbili. Akatia oili kila mahali chuma kinapogusa chuma. Kisha akapaka gundi ya gasketi kwenye ukingo, akafunika, akakaza. Halafu akakaa kitako.

Seremala akauliza sasa tunangoja nini. Tunangoja gundi ishike, wifi akajibu, isiposhika injini itavuta hewa na kuungua katikati ya mti. Nadhani hicho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote. Upepo ulikuwa umeanza kweli, mabati ya baraza yakipigapiga, na yeye amekaa, mikono magotini, macho kwenye ule ukingo. Hakuna aliyethubutu kumharakisha tena. Nilijua anaogopa kuliko sisi sote, maana aliye kule ndani ni mama yake, na aliyeamua tungoje ni yeye. Nikamshika bega. Hakuniondoa.

Akagusa gundi kwa ukucha. Akasimama. Akavuta kamba, kimya. Akavuta tena, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikafa. Mume wangu akafumba macho. Wifi akachomoa plagi, akaipangusa, akairudisha, akavuta kwa nguvu zote za mgongo wake, na chenso ikapiga kelele mpaka sindano zangu zikatikisika mezani. Akaiacha ingurume, akiisikiliza. Kisha akamkabidhi kaka yake.

"Wewe ndiye mkataji," akamwambia. "Kakate."

Na alikata, siwezi kumnyima haki yake. Seremala na vijana wa mtaa walifunga kamba juu kwenye shina na kuvuta upande wa bustani. Mume wangu akakata kidogo huku, kidogo kule, akiacha, akitazama, akikata. Upepo ulipousukuma mti kuelekea nyumbani, wote tulivuta mpaka viganja vikachubuka, mimi nikiwemo. Kisha shina likalia, likageuka, likaanguka bustanini kwa kishindo kilichotikisa ardhi. Paa halikuguswa hata bati moja. Watu walishangilia, wengine wakakaa chini tu.

Komeo likafunguliwa. Mama mkwe akatoka, ameshika fimbo yake, akatazama mti, akatazama paa. Wifi akamwendea. Sijawahi kumsikia akimpandishia mama yake sauti, lakini siku hiyo alipandisha.

"Mama, ungekufa humo ndani. Kwa sababu ya matofali?"

Mama mkwe hakukasirika. Alisema kama angetoka, sote tungesema afadhali mama yuko salama, nyumba hujengwa nyingine. Tungekaa kando tukautazama mti ukianguka. Na hakuna ambaye angejenga nyingine, tusidanganyane, yeye angemalizia uzee wake kwenye vyumba vya watu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

"Lakini nikiwa ndani," akamwambia binti yake, "nilijua wewe hutaacha mpaka iwake."

Wifi akauliza:

"Na kama ningeshindwa, mama?"

Mama mkwe alionekana kushangaa, kama mtu aliyeulizwa jambo geni kabisa.

"Hilo halikunijia, mwanangu."

Wifi akakaa pale pale mlangoni, akafunika uso kwa ile mikono yake myeusi, akalia kwa sauti mbele ya watu wote. Mama yake akateremka taratibu, akaketi kando yake.