Riba Kubwa ya Bi. Mwajabu

Siku yangu ya kwanza benki, tawi la Majengo hapa Dodoma, Meneja wa Tawi aliniita ofisini kabla sijaonyeshwa hata kiti changu. "Binti, mteja akiuliza riba, mtajie riba. Mengine atayajua mbele ya safari." Nilikasirika siku hiyo, na nimestaafu bado nimekasirika.

Ninyi vijana mnaolinganisha akaunti za akiba kwenye simu, mnatazama asilimia tu, na iliyo kubwa ndiyo mnayokimbilia. Asilimia ni chambo. Ulizeni kwanza riba inakokotolewa kwa salio lipi. Akaunti yetu ya Riba Kubwa ilitumia salio la chini kabisa la mwezi, yaani siku ile pesa yako ilipopungua kuliko siku zote. Sasa mchukue mfanyabiashara wa nafaka wa pale sokoni. Msimu wa mtama anatoa karibu pesa zote anunue magunia, akishauza anarudisha. Benki inamlipa riba ya kile kilichobaki siku ya magunia. Upuuzi mtupu! Akaunti ya kawaida, yenye asilimia ndogo lakini inayohesabu salio la kila siku, ingemlipa zaidi. Niliwaambia hivyo wenye magunia, mmoja mmoja, dirishani. Meneja alipojua, nikapewa uhamisho wa kwenda Kondoa.

Meneja wa Kondoa alikuwa mpole wa sauti, na mbaya kuliko wa kwanza. Huko ndiko alikokuja Bi. Mwajabu, mjane wa Kolo, mkulima wa alizeti, aliyekuwa anaweka akiba ya kwenda Hija. Aliniambia wazi: "Mwanangu, mimi riba sitaki hata shilingi. Niwekee pesa yangu, niikute ilivyo."

Nikamtolea fomu ya akaunti ya hundi, ambayo haina riba. Meneja akaichukua mezani kwangu.

"Huyu muweke Riba Kubwa. Tuna lengo la mwezi."

"Mzee, mama amesema hataki. Ni dini yake."

"Ataitoa sadaka. Pesa ni pesa."

Nilikataa. Nilipotoka kula mchana akamsajili mwenyewe, akamwonyesha pa kuweka dole gumba, huku anamwita "mama yangu". Niliporudi akaniambia amemfungulia ile ile aliyoitaka. Mwongo mkubwa.

Akiba ilipotimia, Bi. Mwajabu alikuja na kanga mpya kutoa pesa za safari. Nikatazama kompyuta, nikaona Riba Kubwa. Kwenye akaunti hiyo hutoi pesa yote mpaka utoe taarifa miezi mitatu kabla, na wenzake wa Hija walikuwa wanalipia safari wiki hiyo. Niliingia kwa Meneja bila hodi.

"Mpe mama pesa zake leo."

"Masharti ni masharti. Ameweka dole gumba."

"Ulimsomea?"

Akashika simu yake, akawa anaitazama. Ningeweza kumrushia kiti.

Wenzake wakaondoka bila yeye. Pesa zilipotoka, ile riba aliitenga, akaitoa kujengea choo cha sokoni, kwa sababu hakutaka iguse chakula chake. Mwaka uliofuata gharama za Hija zikapanda, akaanza kuweka akiba upya, mara hii nyumbani.

Mimi nikarudishwa Dodoma, nikastaafia hapa. Nilipopeleka kiinua mgongo changu benki ile ile, kijana wa dirishani alinichangamkia.

"Shikamoo mama! Riba yetu ni kubwa kuliko zote mjini."

"Marahaba. Inakokotolewa kwa salio lipi?"

"Aah, mama, hayo ni mambo ya sistimu."

Nilitaka kumfokea, lakini macho yakaenda kwenye bango nyuma yake. Akaunti mpya ya akiba ya Hija, isiyo na riba, na picha ya Kaaba imewekwa juu kabisa. Walewale! Nikatoka nje, nikampigia simu Bi. Mwajabu.

"Mama, ile akaunti uliyoiomba ukanyimwa, sasa wanaitangaza wenyewe."



"Alhamdulillahi, mwanangu. Waambie mimi sasa sina magoti ya kwendea Hija."