Karatasi Nyeupe za Mzee Stavro

Nyumba ya Mzee Stavro ilinuka karatasi za zamani, harufu kavu ya vumbi na wino iliyokupokea mlangoni na kukufuata mpaka jikoni. Mama alikuwa akimtunza mzee huyo, Mgiriki aliyehamia Dallas, Marekani, kwa binti yake, na katika likizo ndefu ya kiangazi nilipokuwa na miaka kumi alikwenda nami kazini kila siku, maana hapakuwa na mtu wa kuniacha naye. Tulipanda treni kutoka mtaani kwetu, Vickery Meadow, kisha basi, kisha tukatembea juani. Baba hakuwa nasi. Alipotea tulipokimbia vita vya Kivu, na Mama alikataa katakata kumfanyia matanga. Shati la Baba lilining'inia kabatini, limepigwa pasi.

Mzee alikuwa msahihishaji wa matangazo ya vifo katika gazeti moja la kila siku kule Athene, gazeti la watu wa mfalme, kanisa na utaratibu, lililoandikwa kwa Kigiriki kizito ambacho, alisema kwa kujivuna, nusu ya wanunuzi hawakukielewa. Wanajeshi walipopindua serikali walitaka kila ukurasa upelekwe kwao kabla ya kuchapwa. Wengi walidhani gazeti la namna ile lingewapigia makofi. Badala yake mwenye gazeti akalifunga. Sebuleni kwa mzee magazeti yalijaa mpaka darini, na kwa miaka ile ya kufungwa hakuacha pengo: aliweka karatasi nyeupe zilizokunjwa kama gazeti, kila siku na yake.

Na alizisoma.  Kila adhuhuri, baada ya supu, alifungua karatasi tupu, macho yakitembea mstari kwa mstari, akicheka mahali, akitikisa kichwa mahali, akilowesha kidole kufungua ukurasa. Nilichungulia begani kwake. Hapakuwa na kitu. Mama alininong'oneza, "Umuache muzee asome. Weye uko na kazi gani na gazeti yake?"

Kazi nilikuwa nayo. Nilianza kumuuliza mzee kama Baba yumo katika matangazo ya vifo. Alipekua kwa makini, akajibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba leo hayumo, nami nikaenda kula biskuti nimefurahi. Kwangu ulikuwa mchezo. Yeye hakuwa akicheza.

Siku moja nikamuuliza kama kawaida. Kidole chake kilisimama katikati ya ukurasa. Akachukua penseli nyekundu, akachora msalaba mdogo, akaniuliza jina kamili la Baba. Nikamtajia, akaguna kama aliyelikuta tayari ukurasani. Kisha akanieleza sheria ya gazeti lao: hakuna aliyekufa katika kurasa zao mpaka mtu wa nyumba yake aje aseme kwa kinywa chake.

"Wewe ni wa nyumba yake," alisema, penseli ikingoja hewani. "Amekufa?"

Jikoni, alikokuwa Mama, maji yaliyokuwa yakimwagika yakanyamaza. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikasema, "No." Akaweka penseli chini, akakunja karatasi ile, akanipa. Sikumuuliza tena, na shule zilipofunguliwa alikuwa amekwisha kufariki.

Sasa naishi mji wa Sugar Land, nauguza wagonjwa, na habari hunikuta mfukoni. Mwezi uliopita kundi la simu la watu wa kambi yetu ya zamani ya wakimbizi lilijaa picha za mishumaa. Amepatikana mtu aliyemzika Baba, na kaburi ni la kiangazi kile kile nilichokuwa kwa mzee. Watu walikuwa wakipeana pole bila kumuuliza yeyote wa kwetu. Mama, asiyejua kusoma, aliona uso wangu, akauliza simu inasema nini. Nilikwenda kwanza chumbani nikafungua ile karatasi. Msalaba upo, na chini yake peupe. Nilimkasirikia mzee, nikajikasirikia mimi na ile "No" yangu.

Nikarudi, nikamshika Mama mkono.

"Mama, Baba amekufa."



"Ile siku kwa muzee nilikusikia," Mama akasema. "Ulisema hapana. Nikakuamini."

Kisha akainuka, akaenda kulitoa shati kabatini.