Khanga za Baba

Juzi nilimkuta mama akideki kwa khanga ya chama cha baba, nikacheka hadi nikapaliwa.

Baba aligombeaga ubunge nikiwa mdogo. Mchana mmoja alinituma nikapime upepo: nizunguke mtaa wetu wa Kiwalani nikaone khanga alizogawa kwenye kamba za nguo. Uchochoro ulinuka sabuni na dagaa wa kukaanga, na kila kamba ilikuwa na khanga yetu.

“Baba, tumeshapita!” nilirudi mbio kumwambia.

Nilidhani mwanamke akivaa khanga yako, na kura amekupa.

Matokeo yalipotoka, baba alikuwa wa mwisho, hata mtaani kwetu.

“Majirani wasaliti,” alinung'unika.

Mama aliendelea kuchambua mchele. “Hata mie kura sikukupa, baba Saidi. Ungekuwa mheshimiwa, ungerudi kulala Kiwalani?”

Baba aligeuka akanitazama mie, kana kwamba tulipanga na mama.